Shati Lenye Ukosi wa Vifungo: Namna ya Kulivaa na Kulitunza

Kengele ya kwanza ya Misa ilikuwa imekwisha kulia. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo kidogo cha nyumbani kwetu, shati langu la buluu mwilini, na karatasi ya maneno ya kumkaribisha Baba Askofu mfukoni. Siku ile vijana wa parokia yetu walikuwa wakipewa Kipaimara, na wazee walikuwa wamenichagua mimi niseme kwa niaba ya wazazi. Nikainua mikono kufunga ukosi wa shati. Upande wa kuume kifungo kipo. Upande wa kushoto kifungo hakipo, na mahali pake pana tundu. Tena si tundu la sindano, bali tundu la kupitisha kidole.

Nikamwita mama wa watoto, nikasema kwa sauti kubwa maneno ambayo mengi yake siyaandiki hapa. Nilisema kwamba yeye hufua nguo kama mtu atwangaye sombe. Watoto walisikia. Shemeji yangu, kaka yake, aliyekuja kutoka kijijini kwa ajili ya sikukuu, alisikia pia, akatazama chini. Mama hakujibu neno. Alileta pini, akaushika ukosi kwa ndani ili tundu lisionekane, nami nikaenda kanisani.

Shati lile, yanipasa niseme, alilinunua yeye mwenyewe. Alikuwa akiweka franka kidogo kidogo apate kununua kikwembe kipya. Siku moja akaliona shati lile sokoni katika mitumba, zuri, la kitambaa kizito, karibu jipya. Akakiacha kikwembe, akaniletea shati.

Siku ya Jumatatu nililipeleka kwa fundi wa kushona, mzee mmoja wa parokia yetu. Alivaa miwani yake, akalipeleka mlangoni penye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "ni nani aliyekuambia kwamba tundu hili ni la kufua? Sabuni hula kitambaa polepole. Ikikila, nyuzi huwa nyembamba pande zote, nawe waona mwanga ukipita kama katika chujio. Hapa nyuzi ni nzima. Zimekatwa mara moja kwa kuvutwa. Ni nani alivuaye shati hili?"

"Ni mimi."

"Walivuaje? Nionyeshe."

Nikamwonyesha kwa shati nililovaa siku ile. Nikafungua vifungo viwili vya kifuani, nikaushika ukosi kwa nyuma, penye kisogo, nikalivuta shati lote kupitia kichwani, kama nifanyavyo kila jioni nikiwa nimechoka.

"Na vifungo vya ukosi huvifungui?"

Sikuvifungua kamwe. Yule mzee akacheka hata akakohoa.

Nikarudi nyumbani. Kumwambia mama wa watoto chumbani, tukiwa wawili, halikuwa jambo gumu. Lakini maneno yangu nilikuwa nimeyasema mbele ya watoto na mbele ya shemeji, na shemeji alikuwa amekwisha kurudi kwao. Watoto niliwaambia jioni ile ile. Kwa habari ya shemeji, nilikaa siku tatu nikijidanganya kwamba amesahau. Siku ya nne nikampigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na dada yangu, amekwisha kupata kikwembe chake?"

Wasomaji wapendwa, tangu siku ile nimelichunguza shati hili kuliko nilivyopata kuchunguza nguo yoyote. Nimeulizia kwa mafundi, nimesoma, na zaidi ya yote nimelifua kwa mikono yangu. Mashati ya namna hii ni mengi katika masoko yetu, kama lile la Kadutu mjini Bukavu. Wengi huyavaa, lakini wachache hujua yalivyoshonwa na kwa nini. Nami naona ni heri niwaambie niliyojifunza, kabla mtu mwingine hajamlaumu mkewe bure.

UKOSI ULIOTOKA KATIKA MCHEZO

Shati ninalolisema ni lile ambalo ncha mbili za ukosi wake zina matundu madogo, na chini yake, juu ya kifua, vimeshonewa vifungo viwili vidogo vya kuzishika. Wasemao Kifaransa huuita "ukosi wa Kimarekani". Jina hilo ni la kweli kwa nusu tu.

Katika karne ya 19, waungwana wa Ulaya na Marekani walivaa kosi ngumu, zilizotiwa wanga na kupigwa pasi hata zikawa kama ubao. Nyingi hazikushonewa shatini; zilishikizwa kwa vifungo, zikaondolewa na kufuliwa peke yake. Inasimuliwa kwamba jambo hilo lilianzishwa na mwanamke, Hannah Montague wa mji wa Troy katika jimbo la New York, mwaka 1827. Alichoka kufua shati zima la mumewe kila mara, hali uchafu ulikuwa shingoni tu. Basi akatwaa mkasi, akaukata ukosi, akaufua peke yake, kisha akaushikiza tena. Mji wa Troy ukajaa viwanda vya kosi, hata ukaitwa Mji wa Kosi. Nilipoisoma habari hiyo nilimsimulia mama wa watoto. Akasema: "Huyo alikuwa na akili. Lakini mumewe naye angaliweza kuosha shingo."

Ukosi wa vifungo ulikuja baadaye, tena kwa njia ya mchezo. Waingereza hucheza polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu, mchezaji akiwa juu ya farasi. Farasi akienda mbio, upepo huinua ncha za ukosi zikampiga mtu usoni. Ndiyo maana wachezaji walizishika kwa vifungo. John E. Brooks alikuwa mjukuu wa Henry Sands Brooks, yule aliyefungua duka la nguo mjini New York mwaka 1818. Yasemwa kwamba aliuona ukosi huo alipokuwa akitazama polo huko Uingereza, akaipeleka habari kwao, na mwaka 1896 nyumba yao, Brooks Brothers, ikaanza kushona mashati ya namna hiyo. Hivyo wazo ni la Waingereza, na biashara ni ya Wamarekani.

Jambo kubwa lilikuwa hili: ukosi huo ulikuwa laini. Haukuhitaji wanga, wala mbao za kuunyosha, kwa kuwa vifungo vyenyewe viliushika mahali pake. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani waliupenda sana, hasa katika miaka ya 1950. Mpiga tarumbeta Miles Davis yuaonekana amevaa shati kama hilo, la rangi ya kijani, katika picha ya jalada la santuri yake ya mwaka 1958 iitwayo Milestones.

Kitambaa chake cha desturi huitwa Oxford. Inasimuliwa kwamba kiwanda kimoja cha Scotland, katika karne ile ile ya 19, kilifuma vitambaa vinne, kikavipa majina ya vyuo vikuu vinne: Oxford, Cambridge, Yale na Harvard. Vitatu vimesahauliwa. Kilichobaki hufumwa mfano wa kikapu: nyuzi mbili nyembamba huenda pamoja, zikapita juu na chini ya uzi mmoja mnene. Kwa hiyo ni kizito kidogo, tena chapitisha hewa, na kila kikifuliwa huzidi kulainika. Ukikitazama kwa karibu waona vidoto vyeupe na vya rangi, kwa kuwa mara nyingi nyuzi za upande mmoja zimetiwa rangi na za upande mwingine ni nyeupe.

Kwetu Kongo, ukosi na kravati (tai, kama wasemavyo ndugu zetu wa mashariki) vina historia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, Rais Mobutu alitaka wanaume waache suti na kravati za Kizungu, wavae abacost, koti lisilo na kravati, ambalo jina lake latoka katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti na iondoke". Hali hiyo ilidumu hata tarehe 24 Aprili 1990, Rais alipotangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, na kravati zikarudi mitaani. Basi watoto waliokua katika miaka ile hawakumwona baba akifunga kravati asubuhi. Wengi walijifunza mambo ya ukosi wakiwa watu wazima, kwa kutazama picha. Wale wapenda mavazi wa Kinshasa na Brazzaville, waitwao Wasapeur, walijifunza kwa bidii kupita wote, na kwa gharama kupita wote. Siwafuati katika gharama; lakini sijapata kumwona hata mmoja wao mwenye ukosi uliokunjamana.

JINSI YA KULIVAA

Utazame ukosi huu kwa upande, mtu akiwa ameuvaa. Ncha zake ni ndefu kidogo kuliko nafasi iliyopo kati ya shingo na kifungo. Kwa hiyo ukiufunga haulali bapa, bali hupinda na kutokeza mbele, kama mgongo wa jani la mgomba. Pindo hilo ndilo uzuri wake wote. Lakini watu wengi hudhani kwamba ni kosa. Huuvuta chini, au huukandamiza kwa pasi hata uwe kama karatasi iliyokunjwa. Na mafundi wengine, wakirudisha kifungo kilichopotea, hukishona chini mno, ukosi ukavutwa kama ngozi ya ngoma. Ukosi ukivutwa hivyo, hauna raha wala sura, na nyuzi zake hukatika upesi.

Vifungo vyote viwili na vifungwe. Najua kwamba Gianni Agnelli, yule tajiri wa Italia aliyekuwa mkuu wa Fiat, aliviacha wazi kwa makusudi, na magazeti yakamsifu. Lakini yeye alikuwa na Fiat. Mwalimu mwenye ukosi unaopepea ataonekana tu kama mtu aliyechelewa kuamka.

Usipovaa kravati, fungua kifungo cha juu kabisa, kile cha kooni, ukaviache vile vya ukosi vimefungwa. Ndivyo shati hili livaliwavyo siku nyingi, kazini na matembezini, pamoja na suruali ya kitambaa na koti au bila koti. Ukivaa kravati, funga fundo dogo la kawaida. Fundo nene lenye mizunguko mingi halina nafasi kati ya ncha hizi. Huzisukuma pande zote mbili, ukosi ukafanana na mdomo wa kinda la ndege lingojalo chakula. Kwa harusi, bwana arusi mwenye suti nyeusi na afadhali avae ukosi mgumu wa kawaida. Sisemi kwamba ni kosa kubwa. Shati hili lilizaliwa uwanjani, nalo bado lina raha ya uwanjani.

Kwa habari ya kipimo: ukiisha kufunga kifungo cha kooni, vidole viwili viweze kuingia kati ya shingo na ukosi. Wanafunzi wanaokua na wapewe nafasi ya kidole kimoja zaidi. Ikiwa wamshonesha mtoto shati jipya la pamba, mwambie fundi akiloweke kitambaa kwanza na kukikausha kabla ya kukata, kwa kuwa pamba hupungua ikifuliwa mara ya kwanza, nao ukosi ukibana hautafungwa tena kamwe.

KUFUA

Mstari mweusi wa shingoni ni mafuta ya ngozi, jasho na vumbi vilivyoshikamana. Maji matupu hayauondoi, kwa kuwa maji hayakubaliani na mafuta. Na kuusugua kwa nguvu ukiwa mkavu ni kuusukuma ndani ya nyuzi. Fanya hivi: fungua vifungo vyote, na vya ukosi vya kwanza. Ufunue ukosi wote. Loweka kwa maji ya vuguvugu, upake sabuni ya kipande juu ya mstari, uache kwa muda wa rozari moja (mama wa nyumba yangu ndiye aliyenipa kipimo hicho, na hakunikosesha). Kisha sugua taratibu kwa brashi laini, hata mswaki wa zamani watosha, ukifuata mstari, wala si kuukata. Usisugue kitambaa kwa kitambaa penye kunjo la ukosi, maana hapo ndipo nyuzi hufa kwanza.

Jihadhari na maji ya javel. Shati jeupe la pamba tupu laweza kuyavumilia mara moja moja yakichanganywa na maji mengi, lakini yakizidi hula nyuzi; shati la rangi huharibika papo hapo, na lile lenye uzi wa plastiki, kama tergal, laweza kugeuka njano. Kwa shati jeupe, jua letu ni dawa bora, nalo halina bei. Shati la rangi na lianikwe kivulini, ndani likiwa nje.

Usilikamue kwa kulisokota kama kamba. Likung'ute, vuta ukosi kwa vidole urudi katika umbo lake, ulianike likiwa mbichi juu ya kitundikio, kifungo cha kooni kikiwa kimefungwa na vya ukosi vikiwa wazi.

Sasa nitasema neno ambalo mama zetu wengine hawatalipenda: acheni wanga. Wanga wa mihogo ni mzuri kwa vitambaa vya altare. Wazee wetu walijua kuutia, na Masista waliwafundisha binti zetu vema. Lakini ukosi huu uliumbwa uwe laini. Ukiutia wanga, kwanza huondoa pindo lake; pili, kitambaa kigumu kikikunjwa mahali pamoja kila siku hukatika kama jani kavu. Ukiona ukosi uliochanika mstari mzima juu ya kunjo, hali shati lote lingali jipya, mara nyingi wanga ndio ulioukata.

KUPIGA PASI

Shati la pamba na lipigwe pasi likiwa na unyevu kidogo. Likikauka kabisa, linyunyizie maji, ulikunje, ungoje kidogo.

Wenye pasi ya umeme wanajua mambo yao, umeme ukiwapo. Sisi wenye pasi ya makala tuna kazi mbili zaidi. Ya kwanza ni majivu: pepea pasi nje ya nyumba, mbali na nguo, kisha ipanguse chini kwa kitambaa cha zamani. Ya pili ni moto: ijaribu kwanza juu ya kipande kisicho na kazi. Kikigeuka rangi, ngoja. Tergal huyeyuka na kung'aa kabla hujasema "Salamu Maria", na alama ile haitoki tena.

Anza na ukosi. Ulaze bapa, sehemu ya chini ikitazama juu. Weka pasi kwenye ncha, enda polepole mpaka katikati ya kisogo; kisha ncha ya pili vivyo hivyo. Ukianza katikati na kwenda nje, kitambaa hujikusanya na kufanya mikunjo nchani, mahali ambapo kila mtu hutazama. Geuza, fanya hivyo kwa upande wa juu. Halafu ondoa pasi. Ukunje ukosi kwa mikono yako, ufunge vifungo viwili, uache upinde wenyewe. Pasi haina kazi tena hapo. Mabega, mikono na mgongo vyafuata kama katika shati lolote. Sina jipya la kusema, ila kwamba ncha ya pasi ipite kando ya vifungo, isipite juu yake.

Msiache kupiga pasi mashono na chini ya ukosi, hata kama shati litavaliwa ndani ya koti lisionekane. Katika nchi zetu za joto yuko nzi mmoja ambaye hutaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa, hasa zikiwa chini au kivulini. Mabuu yake huingia katika ngozi ya mtu na kufanya jipu lenye maumivu. Watoto wadogo huteseka sana. Pasi yenye moto, ikipita kila mahali hata katika mikunjo ya mashono, huyaua mayai hayo. Kwa hiyo anayeanika kivulini, kama nilivyosema juu, na asiruke kazi hii.

KIFUNGO NA KUGEUZA UKOSI

Vifungo vya ukosi ni vidogo kuliko vya kifuani, navyo vimeshonewa juu ya kitambaa cha safu moja. Hapo ndipo udhaifu wa shati hili ulipo, na hapo ndipo mimi nilipochana. Ukilinunua katika mitumba, kabla ya kutazama rangi, vitie kidole chini ya vifungo hivyo viwili, uone kama kitambaa kimeanza kuchoka. Tazama pia ndani ya shati, karibu na pindo la chini: mara nyingi kuna kifungo kimoja au viwili vya akiba.

Kifungo kikilegea, kisingoje Jumapili. Weka kwa ndani kipande kidogo cha kitambaa, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ili uzi usishike safu moja tu. Shona kifungo kikiwa juu kidogo ya kitambaa (weka kiberiti kimoja kati yake wakati wa kushona, kisha kiondoe), na uzi uzungushwe chini yake mara tatu upate shingo. Kifungo chenye shingo hakivuti. Kwa kupata mahali pake halisi, vaa shati, funga kifungo cha kooni, acha ukosi upinde kwa raha yake, na mtu mwingine atie alama kwa penseli kupitia tundu la ukosi.

Jioni, kabla ya kuvua, fungua hivyo viwili kwanza. Kazi hiyo haimchukui mtu muda wa kutaja majina yake ya ubatizo.

Hatimaye kunjo la ukosi litachakaa, hata ukitunza namna gani. Hapo wengi hulitupa shati, au hulifanya kitambaa cha kupangusia baiskeli. Msifanye hivyo kama mgongo na mikono ni mizima. Fundi aweza kuutoa ukosi katika utepe wa shingo, akaugeuza upande wa chini ukawa juu, na kuushona tena pale pale. Sehemu iliyochakaa yafichika, na ile ambayo haikuona jua yatokea. Wengine hudhani kwamba ukosi wa vifungo haugeuziki kwa sababu ya matundu yake. Kumbe, matundu hupita pande zote mbili, na ncha mbili zalingana. Tundu la kushoto likienda kuume, lakikuta kifungo cha kuume kikilingoja. Patana na fundi bei kabla hajashika mkasi, nawe umwombe asifumue utepe wa shingo, maana huo ukiguswa kipimo cha shingo chaweza kubadilika.

Shati langu la buluu liligeuzwa hivyo na yule mzee. Pale palipochanika aliweka kiraka kwa ndani, kwa kitambaa alichokipunguza kwenye pindo la chini, na mtu asiyeambiwa hakioni. Kikwembe kilinunuliwa kabla ya Noeli, na rangi aliichagua mwenyewe. Siku hizi shati hulivaa kijana wetu, yule aliyepata Kipaimara siku ile, kwa kuwa amekwisha kunipita mabega. Jioni hulileta penye beseni, na mama yake, kabla ya kulipokea, humwuliza neno moja tu: "Umevifungua?"